Mistari Iliyopotea Nebraska: Funzo kwa Wanaopima kwa Setilaiti

Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024 wakulima wa mahindi wa Marekani ya kati walikuwa mbioni. Huko Nebraska, Kansas, Iowa na Minnesota, mwezi wa Mei haumsubiri mtu. Mbegu ikichelewa kuingia ardhini mavuno hupungua, na mkopo wa benki haupungui. Kwa hiyo mwenye trekta hulala kidogo, hula chakula chake juu ya trekta, na siku kavu haiachi ipite bure.

Matrekta ya huko hujiendesha. Dereva hukaa mbele ya usukani akitazama skrini, lakini anayeuzungusha usukani ni kompyuta inayosikiliza setilaiti. Nyuma hufungwa mashine ya kupandia yenye midomo 16 au 24, kila mdomo ukidondosha mbegu kwenye mstari wake, na kati ya mstari na mstari kuna sentimita 76. Usahihi unaoahidiwa ni sentimita mbili na nusu. Kila mstari unaopandwa huhifadhiwa katika kumbukumbu ya mashine, kwa sababu kazi haiishii kwenye kupanda. Wiki chache baadaye trekta litarudi kutia mbolea katikati ya mistari ileile, kisha litapita kupulizia dawa, na mwishoni itaingia mashine ya kuvunia. Zote zitafuata njia iliyochorwa siku ya kupanda.

Saa sita mchana na dakika chache, kwa saa za Nebraska, dhoruba ya jua iliifikia dunia. Kabla jua halijazama huko, kituo cha Marekani kinachotabiri hali ya anga za juu, kilichopo Boulder, Colorado, kilitangaza kwamba dhoruba imefika G5, daraja la juu kabisa katika kipimo chake. Dhoruba ya daraja hilo haikuwa imeonekana tangu Oktoba 2003. Usiku ule watu walitoka nje, hata Florida na Mexico, kutazama anga lililogeuka jekundu na zambarau. Mashambani mambo yalikuwa mengine. Kuna matrekta yaliyopoteza ishara yakasimama. Kuna yaliyoendelea huku yakiyumba nje ya mstari. Muuzaji mmoja wa matrekta mwenye wateja Kansas na Nebraska aliwatumia wateja wake ujumbe wa kuwatahadharisha: vituo vya kusahihisha vipimo vimevurugwa vibaya na dhoruba, na kwa shamba lililopandwa saa hizo, mistari ya mbegu haitakuwa mahali ambapo mashine itadhani ipo.

Msomaji alitazame shamba hilo kwa karibu. Mkulima aliyezima mashine Ijumaa ile alipoteza nusu siku, pengine siku nzima. Iliuma, lakini hasara yake aliijua palepale. Mkulima aliyeendelea kupanda hakuona kitu cha kumtisha: mbegu ziliingia ardhini, zikaota, shamba likawa kijani. Hasara yake ilikuwa imezikwa pamoja na mbegu. Trekta lililorudi kutia mbolea lilifuata mstari uliohifadhiwa, na kama mstari huo uliandikwa sentimita 30 pembeni ya ukweli, tairi lilikuwa na kila sababu ya kukanyaga miche. Dhoruba iliyodumu siku mbili angani iliacha kosa la msimu mzima ardhini.

Ili funzo hili lishike, ni lazima kujua kosa linaingilia wapi. Setilaiti za GPS huzunguka zikiwa umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu. Mashine ya chini hupima muda ambao ishara imetumia safarini, ikauzidisha kwa kasi ya mwanga, ikapata umbali. Hesabu hiyo ingekuwa rahisi kama njia nzima ingekuwa tupu. Lakini kuanzia kilomita 80 hivi kutoka ardhini hadi karibu kilomita 1,000 kuna tabaka liitwalo ionosfia. Humo mionzi ya jua huzipiga atomi za hewa na kuzinyang'anya elektroni, na elektroni hizo zilizo huru huichelewesha ishara inayopita. Kadiri elektroni zinavyokuwa nyingi njiani, ndivyo ishara inavyochelewa, na mashine hudhani setilaiti iko mbali kuliko ilivyo.

Wataalamu wana kipimo chao cha wingi huo. Hujumlisha elektroni zote zilizo ndani ya nguzo ya kuwaziwa yenye eneo la mita moja ya mraba, kutoka mashine hadi setilaiti. Kila elektroni milioni bilioni kumi ndani ya nguzo hiyo, yaani 1 ikifuatwa na sifuri 16, huongeza kosa la sentimita 16 hivi katika wimbi kuu la GPS. Usiku mtulivu zinaweza kuwa vipimo vichache tu vya namna hiyo. Mchana, karibu na ikweta, jua likiwa katika miaka yake ya ukali, vinaweza kupita 100. Hapo ishara inayoshuka wima hubeba kosa la mita 16, na inayokuja kwa mshazari kutoka pembeni mwa upeo hubeba kubwa zaidi, kwa sababu inakata tabaka hilo kwa ulalo.

Binadamu hawakukaa wakaangalia tu. John Klobuchar, mtafiti wa Marekani, alitengeneza kanuni nyepesi ambayo GPS huitangaza pamoja na ishara zake. Kwa namba nane tu inakadiria kuchelewa kwa saa hiyo na mahali hapo, ikichukulia kwamba kilele huwa saa nane mchana, na kwa wastani huondoa karibu nusu ya kosa. Simu nyingi zimekuwa zikitegemea kanuni hiyo. Dawa yenye nguvu zaidi ni kusikiliza mawimbi mawili kwa pamoja. Ionosfia huchelewesha zaidi wimbi la masafa ya chini kuliko la masafa ya juu, na kwa kulinganisha tofauti hiyo mashine hukokotoa kosa lenyewe na kuliondoa karibu lote.

Wapima ardhi na wakulima wa Nebraska wanatumia njia ya tatu, nayo ndiyo iliyowaponza wakulima. Mashine moja husimamishwa mahali panapojulikana barabara. Hiyo ndiyo besi. Nyingine, rova, huenda inakotakiwa kwenda. Besi inajua ilipo, kwa hiyo ikisikia ishara inajua kosa ni kiasi gani, na hulirusha kosa hilo kwa redio au kwa intaneti ili rova nayo ijirekebishe. Ufundi wote umejengwa juu ya dhana moja: kwamba anga lililo juu ya besi na anga lililo juu ya rova ni lilelile. Siku nyingi dhana hiyo ni kweli. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, kuchelewa kwa ishara hutofautiana milimita chache tu kwa kila kilomita.

Tarehe 20 Novemba 2003 dhana hiyo ilivunjika. Dhoruba kubwa ya jua ilikuwa imeipiga dunia tena, na katika anga la jimbo la Ohio elektroni zilijikusanya upande mmoja kama ukuta, huku upande wa pili zikiwa chache. Wahandisi waliochunguza kumbukumbu za vituo vya kupokelea GPS vya jimbo hilo walikuta kwamba kuchelewa kwa ishara kulibadilika kwa milimita 412 katika kila kilomita. Mwenye besi umbali wa kilomita 10 alikuwa akipokea marekebisho yenye kosa la mita nne. Besi haikuwa imeharibika, na rova haikuwa imeharibika. Kila moja ilisema ukweli wa anga lake. Uongo ulizaliwa pale ukweli wa huku ulipotumiwa kule.

Kuna jambo jingine ambalo kila mwenye rova analazimika kulijua. Ili kufikia sentimita, mashine huhesabu mawimbi kamili yaliyopo kati yake na setilaiti, na kila wimbi lina urefu wa sentimita 19. Ikishapata hesabu, skrini huandika kwamba imeshika fiksi, na pembeni huonyesha kosa la sentimita moja au mbili. Anga likichafuka mashine inaweza kuhesabu vibaya, ikakosea wimbi moja au matatu, na bado ikaandika fiksi. Ile sentimita mbili ya kwenye skrini inaeleza jinsi vipimo vyenyewe kwa vyenyewe vinavyokubaliana. Kama vyote vimekosea kwa pamoja, vitakubaliana vizuri tu. Mpima anayetazama skrini peke yake hana njia ya kutofautisha fiksi ya kweli na ya uongo.

Sasa linganisha na kisa cha pili, cha mwisho wa Oktoba mwaka uleule wa 2003. Marekani ilikuwa imezindua mfumo wake wa kuongoza ndege, WAAS, tarehe 10 Julai, hata miezi minne haijatimia. Mfumo huo una vituo vya ardhini vilivyotapakaa nchini, kila kimoja kikiipima ionosfia juu yake saa zote. Vipimo hukusanywa, huchorwa kama wavu juu ya nchi, kisha hurushwa kwa ndege kupitia setilaiti. Lakini pamoja na marekebisho, mfumo hurusha kitu cha pili: kiasi cha kosa ambalo hauwezi kuhakikisha kwamba limeondoka. Kosa hilo likipita kikomo, huduma hufungwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa saa 15 tarehe 29 Oktoba, na kwa saa 11 nyingine tarehe 30, ionosfia ilichafuka kiasi kwamba kikomo cha mita 50 kwa kimo cha ndege kilipitwa, na mfumo ukaacha kuwapa marubani mwongozo wa kushukia. Marubani walilazimika kutumia njia nyingine. Mtu asiyejua angesema mfumo mpya umeshindwa mtihani wake wa kwanza. Ukweli ni kwamba uliushinda. Ulipokosa uhakika ulitangaza hivyo kwa sauti, kabla rubani hajauamini mahali pasipostahili kuaminiwa.

Visa viwili, jua lilelile, tabaka lilelile la anga. Tofauti ipo katika swali ambalo kila mfumo ulifundishwa kujiuliza. Trekta liliuliza: niko wapi? Mfumo wa ndege uliuliza: niko wapi, na je, nina haki ya kusema hivyo? Kwa maoni yangu swali hilo la pili ndilo linalopaswa kuandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya upimaji na kila darasa la upimaji, kwa sababu usahihi usiolindwa na uaminifu ni hatari kuliko kosa la wazi.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya Wamarekani na matrekta yao. La hasha. Sisi wa Afrika Mashariki tunaishi chini ya sehemu ngumu zaidi ya anga hilo. Ikweta ya sumaku ya dunia hupita Ethiopia. Mchana elektroni hunyanyuliwa juu ya ikweta hiyo, kisha hutelemka pande zake mbili na kurundikana, na rundo la kusini huangukia juu ya Kenya na Tanzania. Jua likizama, tabaka la chini hudhoofika, na mapovu yenye elektroni chache huchomoka kutoka chini na kupanda juu kwa mamia ya kilomita. Ishara inayopita kwenye mapovu hayo humeremeta, hupanda na kushuka, na wakati mwingine mashine huipoteza kabisa. Hata mawimbi mawili hayasaidii hapo, maana huwezi kulinganisha ishara ambazo hukuzipata. Mapovu hayahitaji dhoruba ya G5. Hutokea katika jioni za kawaida, hasa miezi inayozunguka Machi na Septemba, kuanzia muda mfupi baada ya magharibi hadi usiku wa manane.

Wakulima wa Nebraska walikumbwa na balaa ambalo kwa daraja lake halikuwa limetokea kwa miaka 20. Kwa mpima wa huku, jioni ya namna hiyo ni sehemu ya kazi. Na anachokipanda yeye hakivunwi baada ya miezi mitano. Bikoni ikishamwagiwa zege, ramani ikasainiwa na hati ikatolewa, mtu atajenga ukuta juu ya mstari huo, atakopa benki kwa mstari huo, na wanawe watagombana na wana wa jirani kwa sababu ya mstari huo. Kosa la nusu mita lililochukua dakika moja kuingia kwenye rova linaweza kuchukua miaka mahakamani kutoka.

Tahadhari zipo, na nyingi ni za bure. Dhoruba ya Mei 2024 haikuja kwa kuvizia. Kundi kubwa la madoa lilikuwa limeonekana usoni pa jua na lilikuwa likirusha mawingu ya chembe kuelekea duniani, na tarehe 9 Mei, siku moja kabla, kituo cha Boulder kilitoa ilani ya dhoruba ya G4, ya kwanza ya daraja hilo tangu Januari 2005. Barani mwetu, kituo cha shirika la anga la Afrika Kusini kilichopo Hermanus hufuatilia hali hiyo usiku na mchana. Malindi, pwani ya Kenya, kipo kituo cha kupokelea ishara ambacho kimeunganishwa na mtandao wa kimataifa wa vituo vya aina hiyo, na kutokana na vituo hivyo huchorwa ramani za elektroni za dunia nzima ambazo mtu yeyote anaweza kuzifungua. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu haya yanatangazwa. Mpima anayeangalia kama kutanyesha kabla ya kwenda saiti hana sababu ya kutoangalia jua lina hali gani.

Akishafika saiti, kinga yake kubwa ni alama inayojulikana. Muuza nyama mwaminifu huijaribu mizani yake kwa jiwe la kilo moja kabla ya kumpimia mteja. Mpima naye aiweke rova yake juu ya alama ambayo viwianishi vyake vimethibitishwa, aone kama majibu yanalingana, ndipo aanze kazi. Kisha arudi juu ya alama hiyohiyo kabla ya kufunga, kwa sababu anga la saa nne asubuhi siyo anga la saa moja jioni. Majibu ya kufunga yakitofautiana na ya kufungua, kazi yote iliyofanyika katikati ina mashaka, hata kama skrini iliandika fiksi kutwa nzima.

Kona muhimu za kiwanja zipimwe mara mbili kwa nyakati zilizoachana, si dakika tano baadaye, maana baada ya dakika tano setilaiti ni zilezile, anga ni lilelile, na kosa lililokuwapo bado lipo. Besi ikaribie kazi kadiri inavyowezekana, kwani kila kilomita inayoongezeka inanyoosha ile dhana ya anga moja. Mahali penye uzito mkubwa, kama alama kuu za mradi wa barabara au mpaka wa kijiji, mashine yenye mawimbi mawili iachwe itulie na kurekodi kwa muda mrefu, na rekodi zake ghafi zitunzwe. Rekodi ghafi ndiyo itakayomwezesha mtu mwingine, hata baada ya miaka, kurudia hesabu na kuona kama siku ile anga lilikuwa safi. Na kazi nzito ya rova katika miezi ya mapovu iishe kabla jua halijazama.

Kinga ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote: kusimama. Mteja amelipa, gari limekodiwa, vijana wa kushika vifaa wanalipwa kwa siku, na mashine inaandika fiksi. Kumwambia mteja kwamba leo anga halifai, turudi kesho, kunahitaji moyo. Wakulima waliozima matrekta yao katikati ya msimu wa kupanda walikuwa na moyo huo, na walikuwa na mengi ya kupoteza. Hakuna mashine itakayomfanyia mpima uamuzi huo.

Kwa hiyo mzigo huu usiachwe kwa kijana aliyeshika rova peke yake. Anayesaini ramani na aikatae isiyoonyesha saa iliyopimwa, alama iliyotumika kujaribia, na majibu ya kufungua na kufunga. Mwalimu wa upimaji na afundishe ionosfia siku ileile anayofundisha kuwasha mashine. Mnunuzi wa kiwanja naye ana haki ya kuuliza bikoni zake zilipimwa saa ngapi na zilihakikishwa vipi, na mpima aliyeifanya kazi yake vizuri atalijibu swali hilo bila kukunja uso. Ukali wa jua hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, kwa hiyo dhoruba nyingine zitakuja. Makosa yake yataishia angani pale tu ambapo mwenye mashine alikubali kusimama.